Kijiko cha kimea: nafaka iliyoota na mbegu zilizosagwa kwenye sufuria ya kila siku

Pika uji wa dona mzito, ule ambao mwiko ukiusimamisha katikati ya sufuria unakaa wima kidogo kabla ya kuinama. Epua. Subiri utulie, usiwe unachemka tena lakini bado una moto wa kuunguza ulimi. Chukua kijiko kimoja cha chai, kilichojaa, cha unga wa ulezi uliooteshwa. Nyunyiza juu, koroga. Dakika ya kwanza huoni kitu. Halafu mwiko unaanza kuwa mwepesi mkononi. Baada ya dakika tano au kumi ule uji uliokuwa ukikaribia ugali umelegea, unamiminika kwenye upawa kama mtindi mwepesi, na hujaongeza hata tone la maji.

Mara ya kwanza niliona jambo hili Songea, kwenye chungu cha togwa cha bibi yangu mzaa mama. Nilimuuliza kwa nini uji umeyeyuka, akasema, "Kimea kinaukata uji, mjukuu wangu." Miaka mingi baadaye nilipoanza kusoma mambo ya lishe nikakuta kwamba neno lake lilikuwa sahihi kabisa. Kimea kinakata, kwa maana halisi ya kukata.

Siku hizi naulizwa sana kuhusu mbegu na nafaka zilizoota. Kila mtu amesikia kitu: chia inapunguza unene, ulezi ni dawa ya sukari, ufuta una madini kuliko maziwa, unga wa lishe wenye vitu kumi na viwili ndio bora kwa mtoto. Humo ndani kuna ukweli mwingi, ila umechanganyika na biashara na maneno ya kurithishana, na mama aliye jikoni hajui ashike lipi. Mimi naamini kwamba faida kubwa haiko kwenye kuongeza aina za mbegu. Iko kwenye namna unavyoziandaa hizo ulizo nazo. Mbegu ni chakula kilichofungwa, na mpishi ndiye anayekifungua.

Punje imelala, haijafa

Punje kavu ya ulezi, mtama au choroko ina mche mdogo ndani yake uliolala usingizi, na pembeni yake kuna akiba ya chakula cha kuanzia maisha: wanga kwa wingi, protini, mafuta kiasi na madini. Akiba hiyo imefungwa vizuri ili ikae ghalani msimu mzima bila kuharibika. Wanga umepangwa kwa minyororo mirefu sana. Madini kama chuma, zinki na kalsiamu yameshikwa na kitu kinachoitwa faiteti, ambacho ndani ya punje ni hazina ya fosforasi, lakini ndani ya tumbo letu ni kama kufuli: hung'ang'ania madini hayo, na mengi yake hutoka mwilini kama yalivyoingia.

Punje ikipata maji na joto huamka. Kitu cha kwanza inachofanya ni kutengeneza vimeng'enya, ambavyo ni zana za kuifungua akiba yake yenyewe. Amilesi hukata minyororo ya wanga kuwa vipande vifupi na sukari. Faitesi huvunja faiteti na kuyaachia madini. Vingine hukata protini. Mche unajiandalia chakula, na sisi tunamkatisha njiani: baada ya siku mbili tatu tunaanika nafaka juani ikauke. Mche unakoma kukua ila zana zinabaki ndani ya punje. Tukisaga tunapata kimea, yaani unga wenye zana zake.

Hapo ndipo lile tukio la mwiko linapoeleweka. Uji huwa mzito kwa sababu minyororo mirefu ya wanga ikipashwa moto ndani ya maji hufyonza maji hayo na kuvimba. Amilesi ya kimea ikiikata minyororo, maji yaliyokuwa yameshikiliwa yanaachiwa. Unga ni uleule, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni urefu wa minyororo. Na kwa kuwa vipande vifupi vina ladha ya sukari, uji huo una utamu wake wa asili hata kama hujatia sukari.

Kwa mtu mzima hilo ni jambo la kupendeza tu. Kwa mtoto mchanga anayeanza kula ni jambo la uhai. Tumbo la mtoto wa miezi sita hadi minane hubeba kama robo lita kwa mlo mmoja. Uji mzito hawezi kuumeza, kwa hiyo mama anaongeza maji mpaka uwe wa kunyweka. Uji wa namna hiyo huwa na unga wa gramu tano hadi saba tu katika kila mililita 100. Mtoto anashiba maji. Baada ya saa moja analia, mama anasema ana chango, kumbe ana njaa. Uji uliokatwa kwa kimea unaweza kubeba unga mara tatu ya huo na bado ukanyweka vizuri.

Haya yamechunguzwa hapahapa kwetu. Mwaka 1983, A. C. Mosha wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha kazi yao kuhusu vyakula vya watoto vinavyotengenezwa kwa unga wa nafaka zilizooteshwa. Mwaka 1990 wakachapisha nyingine kutoka kijiji cha Luganga mkoani Iringa, wakiangalia kama akina mama na watoto wenyewe wanaukubali uji huo na mtoto anakula kiasi gani. Kilichokuwa kwenye vyungu vya bibi zetu kiliingia kwenye majarida ya kisayansi duniani.

"Si cha pombe hicho?"

Nikimweleza mama mwenzangu kuhusu kimea, swali la kwanza mara nyingi ni hilo. "Dada, kimea si cha pombe hicho? Nimpe mtoto?" Simlaumu. Wachagga wanakiweka kwenye mbege pamoja na ndizi, magharibi ya Kenya kinaingia kwenye busaa, na mikoa mingi ya kwetu ndicho kinachoumua komoni. Kanisani na msikitini neno lenyewe limebeba harufu ya kilabu.

Kimea hakina kileo. Ni unga mkavu kama unga mwingine. Kileo hutokea pale sukari iliyokatwa na kimea inapoachwa siku kadhaa na hamira ikaila. Uji unaotiwa kimea, ukalegea, ukarudishwa jikoni ukachemka na kunywewa asubuhi hiyohiyo hauna nafasi ya kuwa pombe. Togwa ni habari nyingine kidogo: pale uji uliolegezwa huachwa uchachuke kwa usiku mmoja, na bakteria wanaotengeneza asidi ya maziwa, ndugu wa wale wa mtindi, huupa ukali wake. Ukali huo unawazuia vijidudu vingi vya kuhara, na uchachushaji pia humalizia kuvunja faiteti iliyobaki. Togwa ya siku moja ni kinywaji cha watoto na wazee. Ya siku nne ni ya watu wengine.

Inaniuma kuona maarifa haya yamebaki kwenye mapipa ya pombe, huku kwenye masufuria ya watoto tunatia maji.

Kuotesha ulezi nyumbani

Naanza na ulezi (Wakenya wanauita wimbi) kwa sababu kimea chake kina nguvu. Mtama unafuata. Mahindi yanaota, ila amilesi yake ni dhaifu, utahitaji unga mwingi upate kazi ndogo.

Nunua ulezi wa kula, kilo moja inatosha mwezi na zaidi. Ulezi wa sokoni una mchanga, na punje yake ni ndogo kiasi kwamba huwezi kuchambua kwa vidole. Tia kwenye bakuli kubwa la maji, zungusha taratibu, kisha mimina maji pamoja na ulezi kwenye bakuli la pili polepole, uache kinachobaki chini. Rudia mara nne au tano. Mchanga mzito hubaki kwenye bakuli la kwanza, na utauona uking'aa. Vinavyoelea juu, makapi na punje tupu, viondoe.

Loweka usiku kucha. Asubuhi chuja, suuza, tandaza kwenye kitambaa safi juu ya ungo, unene usiozidi kidole, funika na kitambaa kingine kilicholowa. Bibi alitumia majani ya mgomba. Nyunyiza maji asubuhi na jioni na ugeuze kwa mkono ili joto lisijikusanye katikati, maana nafaka inayoota hupumua na kujipasha moto. Dar es Salaam siku mbili zinatosha. Njombe kwenye baridi inaweza kufika nne. Utajua imekuwa tayari ukiona nyuzi nyeupe za mizizi zimetoka kila punje, ndefu kupita punje yenyewe, zimeshikana kiasi kwamba ukiinua kona ya kitambaa ulezi unainuka kama zulia. Harufu iwe ya majani mabichi yaliyokatwa, yenye utamu kwa mbali. Ikiwa ni harufu ya uchachu mkali au ya godoro lililolowa, na ukaona ukungu wa kijani, kijivu au mweusi, tupa yote. Usichambue ukidhani utaokoa nusu.

Anika juani kwenye jamvi safi mpaka ikauke kabisa, ikivunjika kwa jino. Kisha chukua mkononi, fikicha viganja kwa nguvu ili mizizi ikatike, pepeta. Hatua hii wengi wanairuka. Kwa ulezi ni usafi na ladha. Kwa mtama ni lazima: mizizi na machipukizi ya mtama hutengeneza kitu kinachotoa saianidi, sumu ileile tunayoiogopa kwenye mihogo michungu. Kwa hiyo mtama ulioota tunautumia ukiwa umekaushwa, umefikichwa na umepikwa, na kamwe hatuuli mbichi kama kachumbari. Mtama mwekundu una jambo jingine, tanini, vitu vinavyoukaza mdomo na kuzuia vimeng'enya kufanya kazi. Wakulima wa Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, huuloweka na majivu ya kuni kabla ya kuuotesha, na majivu hayo huzipunguza tanini. Hawakufundishwa na maabara yoyote.

Saga kwenye mashine safi au kinu. Hapa niseme na wenye mashine: ukisaga kimea baada ya mtu aliyesaga mahindi mabovu, unachukua ubovu wake. Mimi huomba nisage wa kwanza asubuhi. Hifadhi kwenye kopo kavu lenye mfuniko.

Kutumia kwake kuna mtego mmoja. Amilesi hupenda joto la kama nyuzi 60 hadi 70. Maji yanayochemka huiua mara moja. Ukitia kimea kwenye uji unaotokota, kitakuwa unga wa kawaida tu, wala uji hautalegea. Epua, funika nusu, subiri kama dakika kumi, tia kimea, koroga, subiri ulegee. Halafu rudisha jikoni uchemke dakika kadhaa. Kuchemsha huku kwa pili usikuache: nafaka imekaa siku tatu kwenye joto na unyevu, na vijidudu navyo vilikuwa vinakula.

Neno moja kwa wenye kisukari. Uji wa kimea ni wanga uliokwisha kukatwa nusu ya njia. Sukari yake inaingia kwenye damu haraka. Kinachomfaa mtoto aliyedhoofu hakimfai baba mwenye sukari ya kupanda, hata kama muuzaji amekwambia ulezi ni dawa. Yeye ale ulezi mzima kama ugali, kwa kiasi, na mboga nyingi.

Mfuko wenye vitu kumi na viwili

Sasa tufike kwenye unga wa lishe. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, uwele, soya, karanga, ufuta, mbegu za maboga, korosho, wakati mwingine na dagaa. Mama ametoa fedha yake akiamini kila kitu kilichoongezwa ni faida iliyoongezwa.

Mahindi, mchele, ngano na mtama ni ndugu wa ukoo mmoja. Vyote vinatoa wanga, na vyote vina upungufu uleule: protini yake ina kiasi kidogo cha laisini, mojawapo ya vipande ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Ukichanganya nafaka tano hujaziba pengo, umelirudia mara tano. Kinachoziba ni jamii ya kunde: choroko, kunde, maharage, soya, ambazo laisini yake ni nyingi. Mbegu za mchicha nazo zina laisini nzuri kuliko nafaka, na zinastahili kulimwa zaidi. Nafaka moja na kunde moja, basi, zimeshafanya kazi ambayo mfuko ule unajisifia.

Pia kila kimoja kina moto wake. Soya mbichi ina vizuizi vinavyozuia protini isimeng'enywe, inahitaji kuchemshwa au kukaangwa vizuri kabla ya kusagwa. Karanga zikikaangwa muda wa soya zinaungua. Ulezi uliooteshwa ukikaangwa pamoja na vyote hivyo, zana zake zimekufa kabla hata ya kufika sufuriani. Mbegu zenye mafuta zikisagwa pamoja na nafaka na kukaa miezi miwili kwenye mfuko zinachacha mafuta. Na mtoto akipata vipele, utajuaje ni karanga, ufuta au ngano? Ushauri wangu ni kuweka makopo tofauti: unga wa nafaka, kimea, karanga au mbegu zilizosagwa kidogo kidogo za wiki moja. Vikutane kwenye sufuria. Karanga na ufuta mwanzishie mtoto kimoja kimoja, siku tofauti, umwangalie.

Kuna hofu nzito zaidi, sumukuvu. Ukungu fulani hukua kwenye mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri, na sumu yake haifi kwa kuchemsha, kukaanga wala kuotesha. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, pande za Makueni na Kitui, mahindi yenye sumukuvu yaliwaumiza watu 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikatokea kwetu Dodoma na Manyara, na watu takriban 20 wakapoteza maisha. Karanga moja iliyosinyaa na kubadilika rangi ikisagwa ndani ya mfuko wa mchanganyiko huwezi kuiona tena. Ukiwa na karanga zako kwenye ungo unaiona na kuitupa.

Ufuta, mbegu za maboga na nyinginezo

Lindi na Mtwara ufuta unakwenda mnadani kwa magunia, na ni sawa, ndio ada ya shule za watoto. Ila kilo mbili zibaki nyumbani. Ufuta wenye ganda lake una kalsiamu kama miligramu 975 katika gramu 100, na hapo ndipo ule usemi wa "kuliko maziwa" ulipotoka. Nani anakula gramu 100 za ufuta? Kijiko kimoja cha chakula ni gramu tisa hivi. Tena sehemu kubwa ya kalsiamu hiyo iko kwenye ganda, imeshikwa na okzaleti, kitu kingine kinachong'ang'ania madini kama faiteti, na mwili unapata kiasi tu. Uliokobolewa, ule mweupe sana wa dukani, umepoteza karibu yote. Kwa hiyo maziwa yabaki maziwa, na ufuta tuupende kwa mengine: mafuta mazuri, protini, chuma, zinki, na ladha inayobadilisha mboga za majani kabisa.

Punje ya ufuta ni ndogo na ngumu. Isipotafunwa inapita tumboni kama ilivyoingia. Ule ufuta unaong'aa juu ya mkate wa ufuta wa Zanzibar ni mtamu, lakini faida yake nyingi haifunguki. Ukaange bila mafuta kwenye kikaango, moto mdogo, mpaka uanze kurukaruka na kunukia, upoe, utwange. Vijiko viwili ndani ya kisamvu au mchicha, dakika tano za mwisho. Ndiyo kazi hiyohiyo ya kufungua, safari hii kwa mchi badala ya maji.

Mbegu za maboga ndizo zinazonisikitisha zaidi, kwa sababu hazinunuliwi. Tunakata boga la futari, tunakomba utumbo wake na kutupa jalalani. Osha mbegu hizo, anika kwenye ungo siku mbili, kaanga, twanga na chekecha maganda. Kiganja kimoja, gramu 30 za kiini, kina protini kama gramu tisa, magnesiamu ya kutosha na zinki zaidi ya miligramu mbili, ambayo ni robo ya mahitaji ya mwanamke kwa siku. Nyumbani kwetu ungaunga huo uliingia kwenye mboga ya majani ya maboga yaleyale, kwa hiyo boga lilijiunga lenyewe.

Chia na mbegu za kitani naziheshimu, zina nyuzinyuzi nyingi na mafuta ya omega-3. Kama uwezo upo, tumia. Chia iloweke kwanza, inafyonza maji karibu mara kumi ya uzito wake, usiimeze kavu ikavimbia kooni. Kitani lazima isagwe. Ila kama mtu ananiambia hana fedha ya chia na anajiona amepungukiwa, namkumbusha dagaa. Omega-3 ya samaki ni ile ambayo mwili unaitumia moja kwa moja, ile ya mbegu lazima igeuzwe kwanza na ni kidogo tu inayogeuka.

Yote haya yanaharibiwa na kikombe cha chai kilichoandamana na chakula. Tanini za chai hushika chuma kama faiteti ifanyavyo. Kunywa chai yako saa moja baadaye. Ndimu, embe, pilipili hoho mbichi au nyanya mbichi hufanya kinyume, vitamini C yake hukisaidia chuma kuingia.

Choroko zilizoota

Choroko, ndengu kwa Wakenya, ndizo rahisi kuliko zote, na familia za Kihindi za Dar na Mombasa zimekuwa zikiziotesha miaka nenda rudi. Loweka saa nane, chuja, funga kwenye kitambaa chenye unyevu, suuza mara tatu kwa siku. Siku ya pili zina mikia myeupe. Kuota kumevunja sehemu ya faiteti, kumepunguza ile sukari inayoleta gesi tumboni, na kumezaa vitamini C ambayo choroko kavu karibu haina. Zinaiva kwa dakika kumi au kumi na tano, na anayepika kwa mkaa atajua maana ya hilo.

Usitumie mbegu za kupanda za madukani zilizopakwa rangi, ile ni dawa ya wadudu. Na maharage mekundu usiyale yaliyoota bila kuyachemsha kwa nguvu, sumu yake haiondolewi na kuota.

Watu wa mijini wameanza kula choroko zilizoota mbichi kwenye kachumbari. Nawaomba wapike. Joto na unyevu unaoamsha punje huamsha na bakteria waliojificha kwenye ganda lake, na kusuuza hakuwatoi. Mwaka 2011 Ujerumani ililetewa msiba na machipukizi ya uwatu, huuhuu uwatu wetu wa Pwani: watu karibu 4,000 waliugua kwa bakteria aina ya E. koli na zaidi ya 50 walifariki, na mbegu zilifuatiliwa mpaka Misri. Waliokula hawakuona dalili yoyote kwenye sahani. Mjamzito, mtoto na mgonjwa wasiguse kabisa machipukizi mabichi.

Hivi ndivyo ninavyozipika mimi. Kitunguu na nyanya kwenye mafuta kidogo, binzari, choroko zilizoota vikombe viwili, tui jepesi mpaka lifunike. Moto wa wastani, dakika kumi, zionje: ziwe laini ila zisipasuke. Tia tui zito na kijiko cha ufuta uliotwangwa, koroga mpaka lichemke vizuri, epua. Ndimu ikamuliwe sufuria likiwa limeshashuka jikoni, vitamini yake isiharibiwe na moto.